Mdogo Wangu Aliomba Bunge Limchunguze

Siku klabu ilipompa mdogo wangu thenkyu, mie nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za shughuli ya watu. Thenkyu ndivyo tunavyoita mtaani. Klabu ikitaka kukutema haikufukuzi. Inaweka picha yako mtandaoni, umetabasamu, glovu mkononi, na chini yake inakushukuru kwa mchango wako na kukutakia kila la heri huko uendako. Kinyozi wa fremu ya jirani ndiye aliyeniletea simu nione. Hakusema kitu, na huyo ni mtu ambaye hata kuku akivuka barabara lazima atoe maoni.

Nikajua na yeye anaamini mdogo wangu aliuza mechi. Mbagala nzima ilishaamini.

Mdogo wangu alikuwa kipa wa timu ya ligi kuu. Si timu kubwa, lakini ligi kuu ni ligi kuu. Mechi ya mwisho ya msimu walicheza na timu iliyokuwa inachungulia kushuka daraja, ikishinda inabaki. Mie niliangalia pale kwa kinyozi, mbele ya nyumba yetu. Mama hajawahi kumwangalia mwanawe akidaka. Hukaa uani na tasbihi yake, akisikia kelele anauliza kwa sauti, "Tumefungwa?" Siku hiyo ilikuja krosi kutoka kulia, mpira mwepesi, hata mie ningeudaka na khanga yangu kiunoni. Ukashuka kati ya mdogo wangu na beki wake wa kati. Kipa akamtazama beki, beki akamtazama kipa. Mshambuliaji akapita katikati yao, akaugusa kwa ncha ya kiatu. Bao. Mechi ikaisha hivyohivyo, na wale wakabaki ligi kuu.

"Tumefungwa?" mama akauliza kule uani.

"Tumeuzwa, mama!" akajibu mteja mmoja, kichwa kimenyolewa nusu. Watu wakacheka. Mie nilitamani kumrushia kiti.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na mpaka leo sijakaa sawa. Hakuna aliyemshtaki mdogo wangu. Hakufungiwa, hakuitwa kwenye kamati yoyote, hakuandikiwa hata onyo. Alipewa thenkyu tu, wakati beki aliyesimama naye pale aliongezewa mkataba. Akipiga simu klabu nyingine, anaambiwa, "Tutakucheki, braza." Hawacheki. Mama akienda kwenye maulidi, wenzake wanamsogezea mkeka vizuri kabisa, halafu ghafla wote wanakuwa na habari za bei ya mchele. Ungemtetea vipi mtu ambaye hajatuhumiwa? Ukianza tu kumtetea, umeshakiri kuna jambo.

Kisha redioni wakasema kuna mbunge anataka Bunge liunde kamati ichunguze upangaji wa matokeo kwenye mpira. Mdogo wangu alikuwa kalala tangu asubuhi, siku hizo kulala ndiyo ilikuwa kazi yake. Akainuka.

"Dada, twende kwa mheshimiwa wetu, mbunge wa hapa. Nataka nichunguzwe."

Nikaenda kwanza kumwambia kinyozi, maana mie bila kubishana na mtu sijui ninachofikiri. Kinyozi akazima mashine yake.

"Bunge na mpira wapi na wapi, sista? Sie maji yanatoka yakijisikia. Nyie mnataka wabunge wakae waangalie marudio ya bao? Halafu wakubwa wa mpira wa dunia wakisikia serikali imeingiza mkono, wanafungia nchi nzima. Tutaangalia nini?"

Nikaona ana hoja. Nikarudi ndani nikamwambia mdogo wangu.

"Sawa," akasema. "Kwa hiyo walionitema ndio wajichunguze wenyewe?"

Nikaona na yeye ana hoja. Khaa! Nikiwa kwa kinyozi, Bunge lishughulike na barabara. Nikiwa nyumbani, Bunge liache kila kitu limsafishe mdogo wangu. Na usiku nikawaza la tatu: hao wabunge si ndio tunaowaonaga jukwaa kuu, wamevaa jezi, wamekaa bega kwa bega na viongozi wa klabu? Watamchunguza nani pale, jirani yao wa kiti?

Tulienda hivyohivyo. Mheshimiwa alitupokea vizuri, akatukaribisha soda.

"Nani kakutuhumu?" akamuuliza mdogo wangu.

"Hakuna, mheshimiwa."

"Umefungiwa?"

"Hapana."

"Sasa nikasimame pale nikaseme nini? Kwamba kuna kijana hajatuhumiwa na analalamika?" Akacheka kidogo, halafu alipoona mdogo wangu hacheki akaacha. "Kijana wangu, watu wanakuja hapa niwasaidie wasichunguzwe. Wewe ni wa kwanza."

Hata hivyo aliahidi kuuliza bungeni, na alitimiza. Siku ya swali ilipofika, kinyozi aliweka Bunge badala ya marudio ya mechi, na wateja hawakulalamika. Mheshimiwa wetu akasimama, akauliza swali la nyongeza, kwamba je, Serikali haioni haja ya kuchunguza tuhuma hizi ili wachezaji wasio na hatia wasafishike? Mie nilisimama kama naimba wimbo wa taifa. Akainuka naibu waziri, akampongeza mheshimiwa kwa kuwapigania vijana wake, akasema mpira una vyombo vyake vinavyousimamia, na mwenye ushahidi aupeleke huko. Akakaa. Wakahamia kwenye korosho.

Nilikasirika. Ushahidi! Mtu ambaye hakufanya kitu anapeleka ushahidi wa nini? Atapeleka ule mkono ambao haukupokea? Lakini nilipomgeukia kinyozi nimwambie, nikakuta ananitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza. Kumbe na yeye alikuwa anasubiri kujua. Na mie nilikuwa nasubiri kujua.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa anachambua mchicha mkekani, mdogo wangu kakaa kizingitini, amesikia yote kupitia dirishani. Mama hakuinua hata macho.

"We mtoto. Ulichukua?"

Nilisimama pale mlangoni. Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza. Si klabu, si mheshimiwa, si mie.

"Hapana, mama."

"Walikuletea?"

"Alinipigia mtu nisiyemjua. Nikamkatia simu."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, mama? Sikujua nani yumo."

Mama akaacha mchicha. Mdogo wangu akaendelea, na sasa maneno yalikuwa yanamtoka yenyewe. Alisema tangu ile simu hakulala. Kama yeye kapigiwa, na wengine wamepigiwa. Akaingia uwanjani anawatazama wenzake mmojammoja. Krosi ilipokuja, kazi ya kipa ni kupiga kelele "Yangu!" ili beki ampishe. Akafungua mdomo, akamwona beki amemkazia macho, akawaza: huyu kachukua, nikitoka ananiachia makusudi. Sauti haikutoka. Na mpira ukapita.

"Yeye naye alikuwa ananitazama vilevile, mama. Kama ananiogopa mie."

Nikajaribu kuipeleka habari hii mbele ya kamati, kwa mawazo tu. Nikawaona waheshimiwa na miwani yao, wanaandika. Waandike nini? Kwamba mechi iliuzwa na hakuna aliyeuza? Au kuna aliyeuza na ndiye aliyeongezewa mkataba? Sikujua tena kama nataka wachunguze au wasichunguze. Kilichoniumiza ni kwamba nilimwamini mdogo wangu kila neno, na bado sikujua kilichotokea.

"Na huyo beki," mama akauliza, "alichukua?"

"Sijui."

"Hujamuuliza?"

"Hapana."

Mama akamsogezea simu yake pale mkekani. "Muulize."

Mdogo wangu aliitazama ile simu, asiiguse.

"Namuulizaje, mama? Nikimuuliza si atajua nilimdhania?"

Mama akanitazama mie, mie nikamtazama mama, simu iko mkekani katikati yetu.