Bodaboda wa Ekerenyo Anayeuliza Leseni za Madaktari

"Tangu nizaliwe hakuna mtu amewahi kunidanganya," anasema Eric Onchiri. "Wengi wamejaribu. Wote walichoka."

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika steji ya bodaboda ya Ekerenyo, kaskazini mwa Nyamira. Ukungu haujatoka kwenye mashamba ya chai, na Onchiri, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, anapangusa kiti cha pikipiki yake kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa fulana ya kampeni. Nyuma yake Masese, mwenzake wa steji kwa miaka tisa, anakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa.

"Masese, una neno?"

"Mimi? Sina. Ongea na gazeti, bana. Usinijali."

Abiria wa kwanza anafika. Ni mzee mwenye kofia ya sufu, anayetaka kufikishwa Nyamira mjini apande gari la kwenda Kisii. Anakwenda kuonana na daktari wa moyo. Madereva wengine wangetaja nauli na kupiga stata. Onchiri anatoa simu.

"Mzee, huyo daktari anaitwa nani? Majina yote mawili."

Mzee anachomoa karatasi kutoka ndani ya soksi. Onchiri anaandika jina hilo kwenye rejista ya baraza la madaktari, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua mtandaoni, kisha anainua simu juu kama mtu anayemwonyesha mtoto mwezi, maana mtandao wa hapa hupita kwa juu. Wote wanangoja. Hata Masese anangoja.

"Yuko," anatangaza. "Leseni ni ya mwaka huu. Ubingwa wake ni moyo. Mzee, panda."

Hivyo ndivyo Onchiri anavyofanya kazi siku hizi. Kwa siku nzuri hupata shilingi elfu moja baada ya petroli, na kwa siku ya mvua nusu ya hiyo. Ukaguzi wa madaktari haulipishi. Katika mwaka mmoja na nusu uliopita anasema amekagua majina arobaini. Thelathini na sita walikuwa wamesajiliwa vizuri. Watatu walikuwa wamesajiliwa lakini si mabingwa wa ugonjwa waliotangaza. Mmoja, ikabainika, alikuwa daktari halali kabisa, ila wa ng'ombe.

"Huyo hakudanganya mtu," anasema Onchiri kwa haki. "Mgonjwa ndiye hakusoma kibao."

Mwanaume ambaye hajawahi kudanganywa alijifunzaje haya yote? Swali hilo linamfanya apanguse na taa ya mbele ya pikipiki, na linamfanya Masese akohoe mpaka machozi yamtoke.

Yote yalianza mwaka juzi, mvua ndefu zilipokuwa zimeshika. Mama yake, Nyanchoka, mwenye miaka sitini na mitatu, ni muuza ndizi. Huzibeba kutoka mashambani ng'ambo ya mto hadi sokoni, na mlima wa kutoka mtoni alikuwa akiupanda tangu akiwa msichana bila kufikiria kwamba ni mlima.

"Nilianza kupumzika mara moja njiani," Nyanchoka anasimulia nyumbani kwake, akimenya ndizi mbichi kwenye beseni. "Halafu mara mbili. Siku moja nikahesabu mara tano, na mkungu wenyewe ulikuwa mdogo wa kuaibisha."

Miguu ilivimba mpaka ndala zikamkataa. Akilala chali, pumzi inakatika, kwa hiyo akawa analala ameketi, ameegemea mito mitatu, miwili ya kuazima. Kwenye zahanati wakampima, wakamwambia moyo umechoka na atafute daktari bingwa wa moyo upesi. Bingwa yupi, hakuna aliyeandika.

Onchiri akafanya kile ambacho kijana yeyote wa Ekerenyo angefanya. Alipeleka swali stejini.

Steji haikukosa jibu. Katika soko moja lisilo mbali palikuwa na mtu aliyesifiwa sana kwa mambo ya moyo. Sifa zake zilikuwa tatu. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Na kliniki yake haikufunguliwa Jumamosi.

"Hiyo ya tatu ndiyo ilinimaliza," Onchiri anakiri. Familia yake ni ya Waadventista, kama nyingi za pale. "Nilijiambia, mtu anayeacha pesa za Jumamosi zipite mlangoni kwake ili akatunze Sabato, huyo hawezi kula pesa za mamangu."

Alikula. Zilikuwa shilingi elfu saba na mia tano, sehemu kubwa ya bonasi ya majani chai ya mwaka ule, na malipo yake yalikuwa chupa tatu za unga wa rangi ya udongo.

Hapa msomaji atakuwa amekumbuka yale maneno ya pale juu. Onchiri pia ameyakumbuka.

"Ile haikuwa kudanganywa," anafafanua. "Nilipotezwa tu kidogo."

"Na unga ukabeba kwa mkoba wako mwenyewe," anaongeza Masese.

Ndani ya kliniki hiyo palikuwa na cheti kwenye fremu ya dhahabu, chenye muhuri mwekundu na herufi za kujikunja kama mashina ya maboga. Nyanchoka, ambaye hakusoma Kiingereza, alimwuliza mwanawe cheti kinasema nini. Onchiri, aliyemaliza kidato cha nne Sironga, alisoma jina, akachoshwa na zile herufi, akamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma mpaka mwisho: "Kinasema ni daktari wa moyo." Kisha akakipiga picha ili awaringie watu wa steji.

Mzozo ulizuka wakiwa njiani kurudi. Mama na mwana wote wanaukumbuka neno kwa neno, jambo ambalo ni nadra katika nyumba hii.

"Onchiri, yule mtu alisikiliza nini?"

"Alisikiliza moyo wako, mama."

"Nilikuwa nimevaa sweta mbili, na leso juu yake. Hakuniambia nivue hata moja."

"Mashine za siku hizi zina nguvu."

"Mimi nikinunua mkungu nafunua majani. Nabonyeza kidole cha katikati. Nakata kitako niangalie utomvu. Na hizo ni ndizi za shilingi mia nne! Yeye moyo wangu ameupima ukiwa bado guniani."

Onchiri alimwambia anyamaze, asimkosee heshima mtu wa kanisa. Leo, akilisimulia jambo hilo, hatanii.

Kwa majuma mawili Nyanchoka alikoroga unga ule kwenye uji. Uvimbe ulipanda kutoka kwenye vifundo hadi magotini. Asubuhi moja alishindwa kutoka jikoni hadi kwenye choo cha nje bila kuketi chini kwenye majani yenye umande, na Onchiri akamkuta hapo, akijifanya anang'oa magugu.

Siku hiyohiyo alimbeba abiria wake wa kila asubuhi, Syprose Ouko, muuguzi aliyetoka upande wa Homa Bay na ambaye amefanya kazi Nyamira kwa miaka mingi kiasi cha kugombana na wauzaji kwa Ekegusii, lugha ya hapa. Syprose akaona dereva wake anapita mashimo bila kuyakwepa. Akamwuliza. Onchiri akamweleza.

"Namba ya usajili ya huyo daktari ni ngapi?"

"Sista, mimi sijui mambo ya namba. Ni mtoto wa mzee wa kanisa."

"Onchiri, simamisha pikipiki."

Wakasimama kando ya barabara, karibu na kituo cha kupimia majani chai, wachumaji wakiwatazama. Syprose akamweleza kwamba kila daktari nchini ana namba yake, kwamba leseni huhuishwa kila mwaka, na kwamba kwenye rejista ubingwa wa daktari huandikwa kando ya jina lake. Maafisa wa kliniki nao wana baraza lao na orodha yao. Akalitafuta lile jina huku. Halikuwepo. Akalitafuta kule. Halikuwepo.

"Lakini ana cheti," Onchiri akalia. "Hiki hapa, nilikipiga picha!"

Syprose akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akasoma hadi mwisho, kazi ambayo mwenye simu hakuwahi kuifanya. Kilikuwa cheti cha kuhudhuria semina ya siku mbili kuhusu ufugaji wa kuku wa kienyeji.

Maafisa wa afya walipofika katika kliniki ile siku chache baadaye, walikuta fremu imebaki ukutani na mwenyewe hayupo. Lakini Nyanchoka hakuwa na muda wa kungoja habari hizo. Jioni ya siku ile ya picha, Syprose alikaa na Onchiri wakapitia majina ya mabingwa wa moyo, mmoja baada ya mwingine. Wakampata mmoja anayekuja Kisii, daktari aitwaye Adhis Ogweno. Leseni yake ilikuwa hai na ubingwa wake ulikuwa umeandikwa wazi. Tatizo lilikuwa moja tu: alikuwa anaona wagonjwa pale kila baada ya majuma mawili, siku ya Jumamosi.

Onchiri alirudi nyumbani akiwa na habari hiyo kama mtu aliyebeba mayai. Alidhani mama atakataa.

"Yesu mwenyewe aliponya watu siku ya Sabato," Nyanchoka alimjibu, akitafuta pumzi kati ya neno na neno. "Waliomlalamikia ni Mafarisayo. Wewe ni nani?"

Jumamosi hiyo walikwenda Kisii kwa gari, Nyanchoka akiwa amevaa nguo ya kanisani. Na hapo ndipo, kwa mujibu wa Onchiri, alipoonyesha yeye ni mtu wa aina gani.

"Nilikuwa nimeshaumwa na nyoka mara moja," anasema, akikunja mikono. "Tulipoingia tu, sikuketi. Nilimtazama daktari machoni nikamwambia, 'Kabla hujamgusa mamangu, naomba namba yako ya usajili.' Akashtuka! Nikaona mkono wake unatetemeka kidogo. Akanipa namba, nikailinganisha na ile ya kwenye rejista, tarakimu kwa tarakimu. Ndipo nikamruhusu aanze."

Daktari alimfanya Nyanchoka avue sweta zote mbili. Alimsikiliza kifuani na mgongoni, akambonyeza miguu, akampima umeme wa moyo, kisha akaupiga moyo picha kwa mashine na kumwonyesha ukipiga kwenye kioo. Shinikizo la damu, ambalo Nyanchoka hakujua analo, lilikuwa limeuchosha moyo kwa miaka mingi. Akapewa dawa za kumeza kila siku. Akaambiwa apunguze chumvi, na arudi baada ya mwezi.

Baada ya majuma sita ndala zilimkubali tena. Leo Nyanchoka anaupanda mlima wa kutoka mtoni kwa kupumzika mara moja, na hata hiyo moja, anasema, ni kwa sababu kuna jirani mwenye maneno anayekaa pale. Mikungu mikubwa hubebwa kwa pikipiki. Mito miwili kati ya ile mitatu imerudishwa kwa wenyewe.

Mpango wa Onchiri sasa ni mkubwa kuliko pikipiki yake. Anataka kuwafundisha madereva wa steji za Kebirigo na Sironga kutumia rejista, ili mgonjwa asiwe na haja ya kubahatisha tena. Ameshatafuta fundi wa kuandika mgongoni mwa rifleka yake, lile koti la kung'aa, maneno mawili: ULIZA LESENI. Na kanisa limempa dakika kumi kwenye Sabato ya afya mwezi ujao, asimame mbele ya waumini na kusimulia.

Alasiri hii anafanya mazoezi ya hotuba hiyo uani kwa mama yake, huku mwandishi akishika daftari. Nyanchoka ameingia jikoni na beseni lake la ndizi, kwa hiyo Onchiri amepata nafasi. Anapanua kifua. Anafika pale penye utamu.

"Nikamtazama daktari machoni, nikamwambia..."

"Nani alimtazama?"

Nyanchoka amesimama mlangoni, kisu mkononi, ganda la ndizi likining'inia kwenye kisu.

"Mama, nilidhani uko ndani."

"Niko ndani, lakini masikio yako nje. Nani alimwuliza daktari namba?"

"Tulimwuliza... pamoja."

"Onchiri, wewe ulibaki kwenye kizingiti ukiangalia kalenda." Anamgeukia mwandishi. "Andika hivi. Namba ya kwenye rejista ilikuwa kwenye kiganja changu. Nilimfanya aiandike kwa kalamu kabla hatujatoka nyumbani, kwa sababu nilijua atanyamaza. Nikafungua mkono mbele ya daktari nikamwambia, 'Binti yangu, nisamehe, nionyeshe karatasi yako. Kijana wangu anaogopa kukuuliza.' Daktari akacheka, akaitoa, akaiweka kando ya mkono wangu, tukaangalia namba moja moja. Akaniambia, 'Mama, miaka kumi na miwili nafanya kazi hii, na wewe ni wa tatu tu kuniuliza. Wangeuliza wote ningefurahi.'"

"Na kutetemeka?" mwandishi anauliza. "Mkono wa daktari ulitetemeka?"

"Kuna mkono ulitetemeka," anasema Nyanchoka. "Ulikuwa umeshika sweta zangu."

Onchiri anaangalia helmeti yake kana kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kukutana nayo.

"Moyo ulikuwa wangu," Nyanchoka anamwambia, kwa sauti ya chini sasa. "Ningemwachia nani kuuliza?"

Kutoka barabarani honi inapigwa mara mbili. Ni Masese, anayepita na abiria, na anakohoa kwa sauti inayofika mpaka uani. Onchiri anavaa helmeti, anaifunga kamba, anashusha kioo.

"Kuna mteja ananisubiri stejini," anasema kutoka humo ndani.

"Hakuna mteja," anasema Nyanchoka, akirudi kwenye ndizi zake. "Keti. Na hotuba uianze upya, kutoka kwenye kuku."