Herieth na Usipa wa Juu ya Bati

Mama mdogo Herieth alihama Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, kwenda kuishi Mbinga mjini mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa waliporuhusiwa kuingia. Wiki nzima alipotea. Kwetu ziwani kila njia inayoteremka inakufikisha majini, na ukishafika majini umeshafika nyumbani. Kwa hiyo kila akitoka sokoni aliteremka, akakuta bonde, mahindi, na mlima mwingine. Kuuliza hakutaka, eti Mnyasa haelekezwi njia na watu wasiojua kuogelea.

Kisha akaanika usipa wake, wale dagaa wa ziwani kwetu, juu ya bati, kwenye manyunyu ya Juni, kana kwamba yuko mchangani kwetu. Usipa hawakukauka, walioza. Mwenye nyumba, Mzee Tarsisi, akamwambia, "Binti, umenikusanyia nzi wa wilaya nzima."

"Shikamoo, baba," akajibu, akaendelea kugeuza samaki. Tangu siku hiyo hakupotea tena, alifuata harufu.

Mzee aliapa kumfukuza Jumamosi. Ijumaa, nilipokwenda kumtembelea mama mdogo, nilimkuta mzee huyo huyo sokoni akimwelekeza mnunuzi mgeni wa kahawa nyumbani kwake: "Panda na njia hii, kijana. Ukijikuta umeziba pua, piga hodi."