Nilikata Mkia wa Pikipiki ya Shemeji

Nilikosa mimi. Upepo umesingiziwa tu, na nimeuacha usingiziwe mpaka leo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Tabora. Shemeji yangu, mume wa dada, ni dereva wa pikipiki anayependa mbio kuliko chakula. Tulikubaliana kushindana na vijana wa Kigwa kwenye barabara iliyonyooka upande wa Isikizya. Nikaivika pikipiki yetu bati jembamba toka mbele hadi nyuma, ipasue upepo.

Shemeji akataka niongeze bapa refu la kusimama kule nyuma, mkia. Nikamwambia utatuongezea uzito, tutachelewa.

"Bora tuchelewe kidogo, fundi," akasema. "Kwetu Sikonge mshale tukiutoa manyoya, unayumba."

Niliuweka. Lakini wiki hiyohiyo nikamkuta kijiweni anakunywa kahawa na walewale vijana wa Kigwa. Waliponiona, wakanyamaza. Nikaanza kumshuku. Kwa nini ang'ang'anie kitu cha kutuchelewesha? Akipigiwa simu natega sikio. Akicheka najiuliza anamcheka nani. Nikajiaminisha kwamba wameshamnunua.

Asubuhi ya mashindano niliukata mkia, kikabaki kipande cha ukubwa wa kiganja. Shemeji akapanda bila kukagua. Kazi yangu huwa haikagui.

Jamani, ilikimbia! Wenzetu walibaki nyuma kabisa, nami nikacheka peke yangu nikijiona mjanja. Pale miti inapoishia ukaja upepo wa ubavuni. Pikipiki ikayumba kushoto, ikayumba kulia, ikamtupa.

Vijana wa Kigwa ndio waliomfikia kwanza. Mmoja akatazama nyuma ya pikipiki, akaniuliza, "Fundi, mkia uko wapi? Si tulimweleza shemeji yako jinsi ndugu yetu alivyokufa kwa kuukosa?"

Kumbe ndiyo waliyokuwa wakizungumza kijiweni. Walikuwa wanamtaja marehemu wao, ndiyo maana walinyamaza. Nami nikajibu kwamba mkia umekatika kwenye ajali.

Shemeji amekatwa mguu wa kulia. Dada analaumu upepo, na bado ananipakulia chakula mimi kwanza.

Wewe unayemshuku mwenzako, muulize usoni kabla hujagusa kitu chake. Swali moja tu lingenitosha, nikaona aibu kuuliza. Wiki iliyopita shemeji alinituma nimtengenezee gongo la bomba la kutembelea, anasema fundi mwingine hamwamini. Limekwisha, liko hapa karakana. Siku ya nne leo nashindwa kumpelekea.