Leso Niliyomtandikia Mzee

Kwa bibi yangu, upande wa Busiu, nje ya mji wa Mbale, kuna kichaka kimoja ambacho hakijawahi kufyekwa. Pande zote ni mahindi na migomba ya watu, halafu katikati unakuta miti mirefu imesongamana, na chini yake chemchemi. Anayekaa humo tunamwita Mzee. Jina lake la kawaida halitajwi pale nyumbani, na hata sasa mkono wangu unasita, kwa hiyo nitaliandika mara moja tu: watu wanasema ni chatu. Mimi sijawahi kumwona mzima. Siku moja niliona mgongo wenye madoa ukipita kati ya mizizi, ukapita, ukazidi kupita, mpaka nikachoka kungoja mkia. Siku nyingine huwa naona njia yake tu, mfuo mpana kwenye vumbi kama mtu aliyekokota gunia.

Bibi, ambaye tunamwita Kukhu, ndiye anayemtunza. Kabla ya kupanda humpelekea mayai mabichi na unga wa wimbi, huviweka juu ya jiwe karibu na chemchemi, huomba mvua, watoto na amani, kisha huondoka bila kugeuka nyuma. Ukikuta mfuo wa Mzee umekata njia, huuruki. Unatandika nguo yako chini, unapiga magoti, unapiga makofi polepole, unasema, "Mulembe, Mzee. Pita, sisi wenyeji tupo." Mulembe ni amani, ndivyo tunavyoamkiana. Hayo nilifundishwa kabla sijajua kushika kalamu. Baba yangu alikuwa askari jela, akihamishwa kila mara, akaniacha kwa Kukhu nisome. Kiswahili hiki ni chake. Alikuwa akija nacho likizo pamoja na sukari.

Shuleni watoto waliniita mke wa nyoka. Mwalimu alicheka nao kidogo, akijifanya anakohoa. Nikajifunza kuinamisha kichwa, na sidhani nimewahi kukiinua sawasawa tangu hapo. Nilipomaliza la saba hapakuwa na njia ya kuendelea, nikaenda Jinja, mwaloni Masese, ufukweni wanaposhushia samaki, kuanika mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Nilifurahi kufika mahali ambapo hakuna aliyejua natoka kichaka gani. Nilijiunga na kanisa la mabati lililo juu ya mwalo. Mtu akiuliza kwetu, nilijibu, "Mbale." Mbale ni kubwa, inaficha mengi.

Bosi wangu ni mama wa Kikenya, mnunuzi wa mukene, mwenye sauti ya kuvuka maji. Alinipenda kwa sababu sipigi domo. Aliwaambia wateja, "Huyu wangu hata kuku ana maneno kumshinda." Kazi yangu ilikuwa kutandaza mukene kwenye nyavu kuukuu, kuwageuza jua likipanda, na kuwapimia wateja kwa beseni.

Asubuhi moja, mwaka huu, tulikuwa tunatandaza. Karibu na matete kulikuwa na lundo la nyavu zilizotupwa. Mwanamke mmoja alivuta wavu, akauachia, akarudi nyuma bila kupiga kelele. Ndani ya lundo kulikuwa na mwili mnene wenye madoa, umejikunja, ukianza kujikunjua. Wanaume wakaja na pondo za mitumbwi na mapanga. Mmoja alikuwa ameshainua panga, mwenzake akimwambia, "Lenga kichwa, bwana, usiharibu ngozi."

Mimi sikuamua kitu. Ningeamua ningebaki nyuma ya bosi, ndipo mahali pangu. Nilishtukia leso yangu iko chini kwenye matope, mimi nimepiga magoti mbele yake, mikono inapiga makofi yale ya polepole. Nikasikia sauti yangu, tena kubwa kuliko nilivyozoea kuisikia: "Mulembe, Mzee. Pita, sisi wenyeji tupo."

Pakawa kimya. Nadhani wale wanaume walishangaa tu, wakasahau mikono yao. Naye akashuka kutoka kwenye lundo, akapita pembeni ya leso yangu, akaingia kwenye matete na maji yakamfunika. Kimya kile ndicho kilichompa njia. Lakini waliokuwa pale walisema nimemwagiza, naye akatii.

Mwenye panga ndiye aliyecheka kwanza. "Kumbe ni baba mkwe," akasema. Wakacheka wote, lakini walicheka wakinipisha. Nilipookota leso nikaona simu mbili tatu zimeelekezwa kwangu. Nilitamani na mimi niingie kwenye matete.

Jioni bosi aliniita kando. "Mulembe hata kwetu tunasema," akaniambia. "Lakini tunaambia watu."

Nikainama kukunja wavu.

"Mimi sikuulizi unaabudu nini. Nakuuliza nani atanunua samaki walioshikwa na mkono unaoongea na nyoka? Leo wateja wawili wameniambia wapimiwe na mtu mwingine. Jumapili simama kanisani, useme ni shetani alikupitia, umemkana. Neno moja tu, msichana wangu, halafu tufanye kazi. Ukishindwa, sitaweza kukuweka."

Hiyo ilikuwa haki yake. Nilikubali. Wiki nzima nilijizoeza moyoni nikigeuza mukene: yule ni nyoka tu, nimemkana. Ni maneno machache, hata mtoto angeyaweza.

Jumapili mchungaji aliniita mbele. Alikuwa mpole. Alinishikisha kipaza sauti akasema, "Dada yetu, tamka tu. Yule ni nani?"

Niliangalia viatu vyangu. Nilijua jibu. Lakini kumwita Mzee nyoka kwa mdomo wangu sijawahi tangu nizaliwe, na koo langu halikujua linaanzia wapi. Kipaza sauti kilikuwa kinatoa pumzi yangu kwenye spika zote mbili, kanisa zima likisikiliza ninavyohema. Mtoto mmoja akaanza kuniigiza, mama yake akamfinya. Mchungaji aliuliza tena. Nikahema tena.

Wengine walidhani ni imani, kwamba namtetea mungu wangu wa msituni. Laiti ingekuwa hivyo. Mtu anayetetea kitu angalau husimama wima. Mimi sikujua kama ninamwamini Mzee au naogopa watu tu, na mpaka leo nikijiuliza sipati jibu lililonyooka. Mchungaji akasema roho mchafu amenifunga mdomo. Wakaniwekea mikono wakaniombea kwa muda mrefu, mikono mizito, na mimi nikaona haya hata kwa jasho langu lililokuwa linawalowesha.

Jumatatu bosi alimpa mwingine beseni langu.

Siku hiyohiyo shangazi yangu akapiga simu. Yeye ni binti wa Kukhu, lakini anakaa Nkoma, Mbale mjini, mume wake ana mshahara, na majirani zake wanajua tu kwamba mama yake ni mkulima. "Ile video nimeiona," akasema. "Wenzangu wa kwaya ndio walionitumia. Hawajui wewe ni damu yangu. Nikawarudishia zile sura za kucheka." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ulivaa ile leso niliyokupa mimi."

Nilipanda gari kwenda Busiu. Nilifikiri yupo mtu mmoja duniani ambaye hatanionea aibu. Njiani niliwaza hata jinsi Kukhu atakavyonishika kichwa, aseme nimefanya vizuri.

Nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote, leso, panga, kanisa. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipofika kwenye maneno niliyosema pale mwaloni, mikono yake ikasimama.

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia, mulembe Mzee, pita, sisi wenyeji tupo."

"Wenyeji wa wapi?"

Nikaokota harage lililoanguka.

"Yule ni wa ziwani," Kukhu akasema. "Ana watu wake huko, sijui ni akina nani. Wewe umeenda kwake kutafuta chakula. Halafu unamwambia apite, wewe ndiye mwenyeji." Akafunika mdomo kwa kiganja, kama anavyofanya mtu akitaja jambo la aibu mbele ya wakwe. "Watasema mimi ndiye niliyekulea hivyo."

"Kukhu, walitaka kumuua."

"Vizuri kwamba hawakumuua. Lakini adabu iko wapi? Ukiingia kwenye nyumba ya mtu ukakuta anapigwa, utamtetea, sawa. Utamwambia karibu ndani?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilikuwa nimebeba aibu za watu wengi mpaka Busiu, nikapewa nyingine mpya, na hii ndiyo iliyoniingia zaidi. Kwa maana ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeikariri ile salamu tangu utotoni bila kusikiliza inasema nini. Kukhu hakuulizia kanisa hata kidogo. Alichouliza usiku kucha, akijigeuza kitandani, ni kama yule wa ziwani alionekana amekasirika.

Asubuhi alinifungia mayai ndani ya unga wa wimbi ili yasivunjike. "Yapeleke," akasema. "Mchana, watu wakiona. Kosa ulilifanya mbele ya watu. Umwambie wewe ni mgeni, umwombe mahali pa kufanyia kazi."

"Kukhu, sina kazi tena."

"Ndiyo maana uombe."

Nilirudi Masese na kile kifurushi. Nilipofika mwaloni jua lilikuwa juu, wanawake wote wako kwenye nyavu wanageuza. Ningeweza kuyatupa, nani angejua. Nilitembea katikati yao na masikio yanawaka, mpaka pale kwenye matete. Lundo la nyavu lilikuwa limechomwa, imebaki alama nyeusi. Hapakuwa na mfuo wowote. Nikapiga magoti bila kutandika kitu, maana leso ni ya mwenyeji kumtandikia anayepita. Niliyatoa mayai moja moja, nikayapangusa unga, nikayaweka kwenye nyasi. Nikasema, "Mulembe. Mimi ni mgeni hapa. Nilikosea nilivyokuamkia. Naomba mahali." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Kwa nini haikutoka kanisani sijui, na ninaona haya kwa hilo pia.

Niligeuka nikawakuta wanawake wamesimama na mafagio yao. Bosi alikuwa mbele.

"Hata hukuyachemsha," akasema.

Mmoja akacheka, halafu wa pili. Hawakucheka kama siku ile. Bosi akaangalia mayai, akaangalia ziwa, akakuna shingo.

"Kupima beseni huwezi tena, wateja hawatakubali. Lakini nyuma ya kibanda kuna mukene wa chakula cha kuku, wanahitaji kutolewa mchanga. Huko hakuna anayekuona."

"Asante, mama."

"Na usimwamkie mtu."

Sasa nakaa nyuma ya kibanda na ungo wangu. Ni mahali panaponifaa, hapana macho. Kanisani huwa nakaa karibu na mlango. Shangazi hajapiga tena. Yale mayai kesho yake hayakuwepo. Huenda ni kenge, huenda ni watoto wa mwaloni, sikuuliza. Kukhu alipopiga simu kuuliza kama yamepokelewa, nilimjibu ndiyo, nimepewa mahali, nikafunika simu kwa kiganja ili wanaopita wasisikie naongea na nani.