Mchiriku wa Marehemu Kwenye Harusi ya Kirongwe

Enzi zetu mchiriku ulikuwa muziki wa kushukiwa. Kila niliporudi kutoka ngomani, mama alinusa shati langu mlangoni akitafuta harufu ya bangi. Hakuipata hata siku moja, wala hakuacha kunusa. Muziki wenyewe uliletwa Mafia na wavuvi waliokuja kutoka bara kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi. Rafiki yangu akaupenda, akapata kinanda kidogo cha betri, kile cha kuchezea watoto, akakiunga kwenye spika ya tarumbeta mpaka sauti ikawa inakwaruza. Mimi nilipiga ngoma. Harusini tulikaribishwa uani, karibu na mbuzi.

Sasa rafiki yangu hayupo duniani, na mwenye shaka ni mimi.

Mwaka huu binti mmoja wa Kirongwe alibisha hodi kwangu Miburani, hapa hapa Mafia. Alivaa baibui, na vipokea sauti vikubwa vimemkaa shingoni.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Nani kakuelekeza?”

“Watu tu. Nasikia una kanda za mchiriku. Mimi napiga singeli.”

Singeli naijua, ni mtoto wa mchiriku mwenye haraka. Siku hizi inapigwa hata kwenye mikutano ya wakubwa, na vijana wamevalishwa fulana za sare. Kitu kilichotukanwa vile kikipendwa ghafla, mimi huuliza kinapelekwa wapi.

“Unazitakia nini?”

“Sauti ya kile kinanda. Kwenye kompyuta haipatikani.”

“Halafu useme umetunga wewe.”

Hakuapa. Angeapa ningemfukuza. Alisema tu, “Jumamosi kuna harusi kwetu. Njoo usikilize.”

Nikampa kanda moja ya nyimbo zetu. Jumamosi nikaenda Kirongwe pamoja na mjane wa rafiki yangu, nikakaa karibu na spika nimemkazia macho yule binti. Alasiri vijana walikuwa wakirukaruka, vumbi juu. Mara nikakisikia kinanda, kimekimbizwa, kisha sauti ya rafiki yangu akiwasalimu watu wa mtaa wake, nyembamba kama ya mtoto mchanga. Vijana wakaangua kicheko. Nilijua! Kabla sijainuka, mjane alishafika kwenye meza ya binti.

“Huyo ni mume wangu. Mrudishe kwenye mwendo wake.”

Binti akamrudisha. Sauti ikashuka, ikawa yake kabisa. Vijana wakasimama, hawajui miguu waiweke wapi. Mjane akajifunga kanga kiunoni, akacheza peke yake katikati ya uwanja, macho kayafumba, mpaka wanawake wa rika lake wakamfuata. Binti hakugusa kitu hadi wimbo ulipoisha wenyewe.

Baada ya siku chache alirudi na kanda yangu, akaomba nyingine. Niliigeuza huku na huku nikiukagua utepe wake. Ulikuwa mzima. Hata hivyo sikumwamini. Huenda wimbo ule tayari unachezwa Dar kwa jina la mtu mwingine, nitajuaje?

“Kanda hazitoki tena,” nikamwambia.

Akainamisha kichwa.

“Ila leta kompyuta yako hapa barazani. Rekodi nikiwa nimekaa pembeni yako.”

Akawa anakuja alasiri. Mjane naye alijiunga nasi, akimtajia watu wote ambao marehemu aliwasalimu nyimboni, nani mzima na nani kafa. Binti alikuwa akisimamisha kanda ili amsikilize. Mimi niliwamiminia chai, jicho langu likiwa kwenye ule waya uliotoka kwenye redio yangu kwenda kompyuta yake.