Maksai Aliyefunga Goli Kintinku

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu uliolala kama mtama uliopigwa na mvua, na kwa herufi nitakazokosea. Shule niliishia darasa la nne, na kalamu yangu huenda polepole. Lakini jambo hili kila nikilikumbuka nacheka peke yangu kama mwehu, heri tucheke wote.

Nilikuwa kijana wa Misigiri, mwenye haya hata ya kuagiza chai hotelini. Fundi wa gari la sinema la serikali alinichukua kwa majaribio kwa sababu nilijua kuunga waya. Gari lilikuwa na mashine mbili za picha na shuka moja jeupe, naye alitaka mtu mmoja aweze kuchagua mashine ipi ionekane. Mbele ya kila mashine niliweka kifuniko cha bati kinachovutwa na rilei, yaani sumaku inayoamka umeme ukipita. Ukibonyeza swichi, mashine ya pili inafunguliwa na ya kwanza inazibwa. Ukiachia, mambo yanarudi kama mwanzo. Swichi ya kufaa tulikosa, nikafunga kitufe cha honi ya lori.

Tulipofika Kintinku Fundi aliniambia, "Bwana mdogo, leo ndiyo leo. Ukiniaibisha, kesho naondoka bila wewe."

Niliitaka kazi ile, nikakagua kila waya mara tatu.

Giza lilipoingia tukaanza. Mashine ya kwanza ilionyesha ng'ombe wakiogeshwa joshoni, kwenye birika la dawa ya kupe. Watu wakanuna, maana josho hawakulitaka kabisa. Fundi akaninong'oneza, "Wape mpira." Nikabonyeza. Shukani wakatokea vijana wakikimbiza mpira, vigelegele vikapasuka. Kidole changu ndicho kilichofanya vile! Nilijiona nimeota mbawa.

Hapo wazee wakafika, wametoka kufunga mifugo, wakawa wanapita kando yangu mmoja mmoja. Sasa, mzee haamkiwi kwa mkono mmoja. Unainama, unatoa yote miwili. Nikaachia kitufe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu."

Shukani ng'ombe wamerudi. Nikabonyeza: mpira. Mzee wa pili huyu hapa. Mchezaji alikuwa ndiyo kwanza anainua mguu apige. Nikainama, na aliyeruka shukani akawa maksai mkubwa, akatumbukia joshoni. Nikabonyeza: mpira uko wavuni.

"Goli!" akapiga kelele mama mmoja. "Maksai kafunga!"

"Refa, mtoe, hana viatu!"

"Viatu vya nini, na kwato anazo?"

Watu wakagaagaa chini kwa kicheko.

"Shika kitufe, wewe!" Fundi akafoka.

"Fundi, wazee hawajaisha!"

Wa mwisho alikuwa mzee mwenye ng'ombe wengi, yule aliyelipinga josho kuliko wote. Alisimama akatazama shuka, mikono yangu yote miwili ikiwa bado ndani ya yake.

"Ng'ombe huyo amelishwa nini?"

"Ametoka kuoga joshoni, babu," nikasema, sijui ujasiri niliutoa wapi.

"Basi wangu nao waende kuoga. Lakini kwanza rudieni goli."

"Goli! Goli!" uwanja mzima ukadai. Fundi akanitazama, akatazama watu, akaanza kurudisha filamu huku mabega yanamtikisika. Tukarudia. Mara hii sikuwahi vizuri, ng'ombe akawa golikipa. Wakafurahi zaidi.

Asubuhi nikachukua waya kutoka pale rilei inapopitisha umeme, nikaurudisha kwenye sumaku yake yenyewe ili ijilishe. Ukibonyeza mara moja, rilei inajishikilia mpaka uikate kwa kitufe kingine. Fundi akabonyeza, akaachia, akaniinamia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Vifuniko havikuhama.

"Panda gari, babu," akasema. "Kilimatinde wanatungoja."

Nanyi mnaosoma, kama sinema ilipita kwenu, niandikieni mliona nini mkacheka. Nitajibu kila barua, ila mnivumilie, mkono wangu mnaujua.