Nilimpa Fundi Radhi kwa Kosa la Mchoro Wangu

Msimamizi wa ukurasa, jina langu liache nje. Majina ya hawa ndugu wawili nimeyabadilisha mwenyewe.

Nina miaka themanini na moja, mgane, naishi Korogwe. Nilisomea uhandisi wa mitambo nje ya nchi, nikafundisha mafundi hadi nikastaafu. Sasa moyo umechoka. Mwezi uliopita daktari alimwita binti yangu pembeni, kisha tukaambiwa turudi nyumbani. Nilisoma usoni mwake alichoambiwa. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Miaka kumi na moja iliyopita alinijia fundi pikipiki kutoka Mazingara, kule Handeni. Nitamwita Sefu. Alikuwa amechoka kufungua injini za bodaboda zilizoungua kwa kupanda milima na magunia. Akaniuliza, "Mwalimu, lori linapozwa kwa maji. Pikipiki ina dhambi gani?" Nilicheka, lakini wiki ile ile tukaanza. Sehemu ya chini ya injini tuliiacha ilivyo, tukasanifu silinda mpya yenye njia za maji, pampu ndogo, na rejeta ya kupoza hayo maji, ya kukaa mbele, chini ya tangi. Mimi nilichora. Sefu alichonga mfano wa mbao, akayeyusha pistoni chakavu za malori alizookota kwenye gereji za Segera, akamimina kwenye kalibu ya mchanga.

Tulivutana kwenye jambo moja tu, upana wa zile njia za maji. Sefu alitaka kidole chake kidogo kiingie. Mimi nilichora milimita nne.

"Mwalimu, hii hata sisimizi ataiziba," alisema. "Kwetu maji tunachota lamboni, ng'ombe wamesimama nyuma wanasubiri zamu yao. Ya kisima nayo yana chumvi, sufuria inaota ukoko."

"Watatumia maji safi."

"Nani? Bodaboda wa Mazingara? Huyo maji safi hajampelekea hata mama yake!"

Vijana wa gereji wakaangua kicheko, nikaona nachekwa mimi. Kulikuwa na wageni wa kuja kuitazama kazi yetu, na nilitaka injini nyepesi, nadhifu, kama zile nilizosoma nikiwa kijana. Nikamwambia, "Wewe umeishia darasa la saba. Hesabu za joto utanifundisha mimi?" Sefu akainamisha kichwa. Akamimina kama nilivyochora.

Injini ilikwenda vizuri miezi miwili. Aliyeiendesha alikuwa mdogo wake, nimwite Hamisi. Siku moja, akipanda mlima wa Kwashemshi na magunia mawili, injini ilichemka ikakamata ghafla kwenye kona. Tairi la nyuma likafunga, mzigo ukamvuta hadi korongoni. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Tulipoifungua ile silinda, njia za maji zilikuwa zimejaa ukoko mweupe na tope. Njiti ya kiberiti haikupita. Nilielewa pale pale. Mjomba wao akauliza, "Sefu, ulijaza maji gani?" Akajibu, "Ya kisima cha nyumbani." Wote wakanigeukia mimi niliyesoma. Nikasema, "Injini hii ilitaka maji safi." Sikuongeza neno.

Tangu siku ile Hamisi hamsemeshi kaka yake. Husema, "Aliniwekea tope kwenye injini, akanitanguliza mlimani." Kwenye mazishi ya mama yao walisimama pande mbili za kaburi, wala hawakupeana mkono.

Sasa sikieni lililo baya zaidi. Sefu aliposikia kwamba sina siku nyingi, alikuja na chupa ya asali. Akaketi mkekani, akaishika miguu yangu iliyovimba. "Mwalimu, nimekuja kuomba radhi. Nilikuharibia kazi yako kwa ndoo moja ya maji. Usiondoke na kinyongo na mimi." Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake niliweka mkono juu ya kichwa chake nikamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu." Alilia, akanishukuru. Toka hapo kila Ijumaa baada ya swala anakuja kuniogesha, kwa kuwa binti yangu hana nguvu za kuninyanyua.

Ijumaa iliyopita alikuja na ule mchoro, ameutunza ndani ya nailoni. Vijana wa hapa Korogwe wanaitaka injini yetu. Jumamosi hii wanamimina silinda sita, kwa vipimo vile vile. Nikaomba penseli nipanue zile njia. Sefu akanishika mkono. "Hapana, mwalimu. Mchoro hauna kosa. Kosa lilikuwa maji yangu. Safari hii nitawasimamia." Lakini atawasimamia mpaka lini? Maji mazuri yakiisha watachota kisimani, na watu sita watapanda mlima.

Naogopa. Naogopa aniache nikiwa nimeloa kwenye beseni, aondoke asirudi. Nikimwambia peke yake, namjua, ataizika aibu yangu pamoja nami, na Hamisi ataendelea kumchukia asiye na hatia. Nikiwaita wote wawili, Hamisi ni mtu wa hasira, na pumzi yangu siku hizi inatosha maneno machache tu kabla sijaanza kukohoa.

Msinishauri ninyamaze. Nimenyamaza miaka kumi na moja na naujua mwisho wake. Nisaidieni tu namna ya kuanza. Nawaomba hasa mlio na ndugu msiyesemezana naye: ungekuwa wewe ndiye Hamisi, ungetaka kulisikia jambo hili kwangu, au kwa kaka yako? Nijibuni upesi, wanangu. Leo ni Jumatano.